Aqua mpya: kiti kimelainika, fundi bado anachungulia

Mteja alibonyeza kitufe cha kuwashia, akasubiri. Dashibodi ikang'aa, skrini ikafunguka, sauti ya mwanamke ikatangaza jambo kwa Kijapani, kisha kimya. Akabonyeza tena. Skrini ikazima. Akabonyeza mara ya tatu, ndipo muuzaji akainama dirishani kumweleza kwamba gari liliwaka tangu mwanzo, na kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akilizima.

Hapa yadi, jijini Dar es Salaam, hilo limeshakuwa la kawaida. Aliyezoea IST au Vitz anategemea injini imjibu: ikinguruma, safari imeanza. Gari la haibridi halijibu. Linakaa kimya hadi uondoe mguu kwenye breki, nalo linaanza kuteleza kama limesukumwa.

Lile tangazo la Kijapani, kwa wanaojiuliza, si onyo la hatari. Ni kifaa cha kulipia barabara za kasi za Japani, kinalalamika kwamba hakijawekewa kadi. Kuna madereva mjini hapa wanaosalimiwa hivyo kila asubuhi na hawajawahi kujua wanaambiwa nini.

Gari lenyewe ni Toyota Aqua ya kizazi cha pili, iliyoanza kuuzwa Japani Julai 2021. Sasa zimeanza kuonekana yadi zikiwa zimetumika miaka kadhaa, zimepangwa ubavu kwa ubavu na Aqua za zamani ambazo bei yake ni ya chini sana. Mhariri alitaka jibu la swali moja: hicho kilichoongezwa, mnunuzi wa huku atakionja, au analipia starehe iliyobaki Japani?

Ilikotoka

Aqua ya kwanza ilitoka Desemba 2011, miezi michache baada ya tetemeko na tsunami ya Machi mwaka huo kuliharibu eneo la Tohoku. Iliundwa kwenye kiwanda cha Iwate, ndani ya eneo hilo hilo, na Wajapani wengi waliitazama kama ishara ya kuinuka tena. Katika baadhi ya nchi iliuzwa kwa jina la Prius c.

Ilikuwa gari dogo, la bei nafuu na lisilo na makuu. Chini ya boneti palikuwa na injini ya 1NZ-FXE yenye silinda nne na sentimita za ujazo 1,496. Fundi wa Buguruni akisikia 1NZ anatabasamu, maana ni ndugu wa injini iliyomo kwenye IST, Raum na Probox. Plagi anazijua, pampu ya maji anaijua, na vipuri anajua dukani vinapopatikana.

Ndiyo maana Aqua ile ilipenya Afrika Mashariki hata kwa watu walioogopa neno haibridi. Jijini Nairobi iliingia kwenye teksi za mtandaoni pamoja na Axio na Fielder za haibridi na Honda Fit. Dar es Salaam ilichelewa kidogo, lakini tangu petroli ilipovuka Sh3,000 kwa lita mwaka 2022, maswali yameongezeka yadi.

Sheria nazo zinasukuma. Kenya hairuhusu gari lililotumika kuingia likiwa limezidi miaka minane. Tanzania hailizuii, ila inalipandishia ushuru. Kwa hiyo kila mwaka unaopita, Aqua ya zamani inazidi kuwa mzigo bandarini na ile ya 2021 inazidi kuingia kwenye hesabu za mnunuzi.

Unapoketi

Kwa nje, mabadiliko hayapigi kelele. Urefu ni mita 4.05, umeongezeka kiasi cha upana wa vidole vitatu kuliko Aqua ya 2011. Nafasi kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma imeongezeka milimita 50, ikafika 2,600. Taa zimekuwa za duara zaidi, mwili umenenepa mabegani. Upande wa mbele umepoa. Ile sura ya kukunja uso ya Aqua ya awali haipo tena.

Kazi kubwa imefanyika ndani. Aqua ya kwanza ilikuwa na dashibodi ya plastiki ngumu iliyogonga kama ndoo, na kipima mwendo kilichowekwa katikati, mbali na macho ya dereva. Hii mpya imekirudisha kipima mwendo nyuma ya usukani. Kwenye matoleo ya juu kuna skrini ya inchi 10.5, kubwa kwa gari la daraja hili, na mahali mkono unapogusa mara kwa mara pamefunikwa kitu laini.

Kiti cha dereva kimekuwa kiti cha kweli. Kinashika mapaja na kiuno, na kwenye baadhi ya magari kinarekebishwa kwa umeme. Mtu mrefu atapata mkao bila magoti kugusa usukani.

Gia kwenye matoleo ya juu ni kijiti kifupi kinachorudi katikati ukikiachia, na P ni kitufe cha pembeni. Siku ya kwanza utakitafuta. Cha kushangaza ni kwamba baada ya uhandisi wote huo, breki ya kuegeshea ni ya kukanyaga kwa mguu wa kushoto, ya mtindo ambao magari mengi ya Japani yalikuwa nao tangu zamani. Skrini kubwa juu, kanyagio la karne iliyopita chini. Nililikanyaga huku nikicheka.

> Kwenye foleni ya Dar es Salaam, kiyoyozi kinachopuliza injini ikiwa imezima ni starehe kuliko skrini ya ukubwa wowote.

Foleni ndiyo shamba lake

Nililichukua gari Mwenge, nikafuata Sam Nujoma kuelekea Ubungo, jua likiwa la saa saba. Magari hayakuwa yakienda, yalikuwa yakijongea.

Hapo ndipo haibridi inapojieleza. Kwenye gari la kawaida, ukisimama injini inapunguza mizunguko na kiyoyozi kinalegea. Hewa inaanza kuja vuguvugu. Kwenye Aqua kompresa ya kiyoyozi inaendeshwa na umeme wa betri kubwa, haitegemei mkanda wa injini. Umesimama, injini imezima, na baridi ni ile ile. Chaji ikishuka, injini inajiwasha yenyewe, inachaji, inazima.

Aqua ya zamani nayo ilifanya hivyo. Tofauti ni kwamba hii mpya inakaa kwenye umeme kwa muda mrefu zaidi. Inaweza kufika takriban kilomita 40 kwa saa bila kuiamsha injini, na kwenye foleni ni nani anazifika hizo 40? Nje hutoa mlio mwembamba kuwatahadharisha waenda kwa miguu. Kwa sikio la Ubungo, kati ya honi za daladala na spika za wauza dawa za panya, mlio huo ni sawa na haupo. Muuza maji mmoja alishtuka bampa ilipomfikia ubavuni, na akaniangalia kama mtu aliyenyatiwa.

Kitu kipya kabisa ni pedali. Ukichagua mwendo unaoitwa POWER+, ukilegeza mguu kwenye mafuta gari linapunguza kasi kwa nguvu zaidi ya kawaida, huku likirudisha umeme kwenye betri. Mguu hauhami kila mara kati ya mafuta na breki. Halisimami lenyewe kabisa, breki bado unahitaji mwishoni, lakini kifundo cha mguu kinapumzika. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Toyota kuweka mfumo huo kwenye gari. Dereva wa teksi anayekaa barabarani tangu alfajiri ataelewa haraka kuliko mimi.

Kwenye matuta ya Sinza gari lilinifurahisha. Fremu mpya ni ngumu zaidi, na mtetemo wa shimo haupandi hadi kwenye meno kama zamani. Toleo la juu kabisa, Z, lina shokapu za aina ya pekee zinazoanza kufanya kazi hata msukumo ukiwa mdogo sana. Ni laini, tena sana. Lakini shokapu hizo zikichoka, kinachopatikana Kariakoo ni cha kawaida, na siku hiyo utakuwa na gari la Z lenye mwendo wa gari la chini.

Injini ikiamka ukiwa unapandisha mlima, utaisikia. Sasa ni silinda tatu, ujazo 1,490, na ina mngurumo mkavu usiopendeza. Ukiachia inanyamaza.

Nyuma watu wawili

Upana ni milimita 1,695. Japani gari la abiria lenye upana usiozidi milimita 1,700 huhesabiwa katika daraja la magari madogo, kwa hiyo wahandisi walibana pale pale. Magoti ya abiria wa nyuma yamepata nafasi kidogo, buti imeongezeka, lakini mabega hayakupewa kitu.

Kule Japani siti ya nyuma hubeba mtoto au mkoba. Huku hubeba watu watatu wazima, mmoja ameshika keki ya harusi. Watatu hao watakaa wamegeuka ubavu. Mwenye familia kubwa aende kwa Fielder, na asisikilize mtu wa yadi anayemwambia kwamba linatosha.

Halafu kuna tairi la akiba. Fungua sakafu ya buti kabla ya kulipa. Aqua nyingi za kizazi hiki hutoka kiwandani na chupa ya gundi na pampu ndogo ya umeme badala ya tairi. Gundi hiyo inaziba tundu la msumari. Tairi lililochanika ubavuni kwa kona ya mtaro hailizibi. Kwa anayesafiri kwenda Tunduma usiku, hili ni kubwa kuliko inchi za skrini.

Redio na soketi

Redio za FM za Japani huanzia megahezi 76 na kuishia 95. Zetu zinafika 108. Maana yake vituo vingi unavyovipenda havipo, na kwenye Aqua ya zamani dawa ilikuwa kuing'oa redio na kuweka nyingine ya bei poa. Kwenye hii mpya skrini imeungana na kamera na mipangilio ya gari, si kitu cha kung'oa ovyo. Kuna kifaa kidogo cha kuhamisha masafa kinachofungwa kwenye waya wa antena, nacho kinasaidia, ingawa namba za kwenye skrini hazitalingana na za kituo. Ramani ni ya Japani. Menyu nyingi ni za Kijapani. Watu wengi huunganisha simu na kusahau mengine.

Kuna pia soketi ya umeme ya wati 1,500. Wajapani waliiweka kwa ajili ya maafa: umeme ukikatika baada ya tetemeko, gari linawasha taa na birika la nyumbani. Kwa nchi inayofahamu mgao wa umeme, wazo hilo linavutia mno. Tatizo ni kwamba soketi inatoa volti 100, na vyombo vyetu ni vya volti 230. Chaja ya simu au kompyuta iliyoandikwa 100 hadi 240 itafanya kazi ukiwa na kichwa cha pini mbili bapa. Friji haitafanya kazi bila transfoma ya kupandisha volti, na mtu asijaribu.

Betri ngeni

Hofu kubwa ya mnunuzi wa haibridi ina jina moja, betri. Mtaani husemwa kwamba ikifa, gari limekufa. Si kweli, lakini si uongo mtupu.

Aqua ya kwanza ina moduli 20 za nikeli zilizopangwa chini ya siti ya nyuma, jumla volti 144. Moduli moja ikizimia, fundi hufungua, hupima, hutoa mbovu na kuweka iliyotoka kwenye gari lililogongwa. Gari linarudi barabarani. Baada ya muda moduli nyingine dhaifu hufuata, kwa sababu zote zina umri mmoja. Ni ukarabati wa kusogeza siku, lakini umewafanya watu wengi waendelee kula.

Aqua mpya, kwa matoleo yake mengi, ina betri ya nikeli ya muundo mwingine. Bamba moja lina chanya upande huu na hasi upande wa pili, na mabamba hupangwa yakielekeana uso kwa uso, hivyo umeme hupita kwenye eneo pana badala ya kupita kwenye viunganishi vyembamba. Toyota iliiunda pamoja na kampuni dada ya Toyota Industries, na inasema nguvu inayotoka ni kama mara mbili ya betri iliyotangulia. Ndiyo siri ya ule ukimya mrefu wa Ubungo.

> Gari limeboreshwa mahali ambapo fundi wetu alikuwa ameshajifunza kuliganga.

Kwa fundi, habari ni tofauti. Moduli za Aqua ya zamani haziingii humu. Soko la betri za magari yaliyogongwa kwa aina hii bado ni changa. Ile 1NZ iliyomfanya atabasamu haipo. Kuna injini ya M15A, inayotaka oili nyepesi kuliko ile anayomimina kila siku kutoka kwenye dumu. Akiweka nzito, gari litatembea, na ulaji wa mafuta utapanda polepole bila mwenyewe kujua kwa nini.

Kinachoua betri nyingi za Aqua mitaani si uchakavu peke yake, ni vumbi pia. Betri hupozwa kwa hewa ya ndani ya gari, na feni huivuta kupitia tundu lililo pembeni ya siti ya nyuma. Tundu likiziba kwa vumbi, manyoya ya kapeti au gunia la mchele lililoegemezwa hapo, betri hupata joto na huzeeka mapema. Kusafisha kichujio chake ni kazi ya bei ndogo. Katika gereji nyingi hakuna anayekigusa hadi taa nyekundu iwake.

Na kuna nyaya za rangi ya machungwa. Hizo hubeba umeme wa kuua. Fundi asiyejua kuzima mfumo kwanza asilale chini ya gari hilo, na asiruhusiwe hata kama ni ndugu wa mkeo.

Wawili wasiokubaliana

Dereva wa teksi ya mtandaoni hupiga hesabu kwa lita. Tuchukue gari linalotembea kilomita 150 kwa siku mjini. Likila lita moja kwa kilomita 12, linamaliza lita 12.5. Likifika kilomita 22 kwa lita, linamaliza lita 6.8. Kwa bei ya Sh3,000, tofauti ni kama Sh17,000 kila siku, na mwisho wa mwezi hizo ni kodi ya nyumba na ada ya shule.

Toyota inasema Aqua mpya inakwenda umbali mrefu zaidi kwa takriban asilimia 20 kwa kila lita ukilinganisha na iliyotangulia. Karatasi za Japani zinataja kilomita 33.6 kwa lita kwa toleo la Z na hadi 35.8 kwa toleo jepesi. Usizitegemee namba hizo ukiwa Mbagala. Zinapimwa kwenye maabara, mahali pasipo na bodaboda inayokukata mbele.

Fundi naye hupiga hesabu ya siku gari litakapokataa kuwaka. Anamwambia mteja achukue IST, aongeze petroli, alale usingizi. Ana sababu zake, na moja haisemi: mashine ya kusoma makosa ya gari hili ni ghali, na aliyonayo ni ya kuazima. Lakini hakosei anaposema kwamba gari likikwama Singida, ukimya wake hautamsaidia mtu.

Mimi naegemea kwa dereva, kwa sharti moja. Afanye biashara ya mjini, katika jiji lenye fundi aliyeshafungua haibridi kwa vitendo, siyo aliyetazama video. Anayeishi wilayani, mwenye barabara ya udongo na gereji moja, asubiri.

Kabla hujalipa

Omba karatasi ya mnada wa Japani na uilinganishe na kilomita zilizo kwenye dashibodi. Dai gari lipimwe kwa mashine inayoonyesha volti za kila kundi la betri, wakati gari linatembea, siyo likiwa limesimama na kuoshwa. Inua siti ya nyuma na unuse. Harufu ya matope ni dalili ya mafuriko, na hapo ondoka hata kama bei imeshuka mara mbili mbele ya macho yako.

Kagua pia betri ndogo ya volti 12. Haibridi haina stata ya kawaida, ila betri hiyo ndiyo inayoamsha kompyuta. Ikiisha, gari zima ni kimya, na wapo waliouziwa betri kubwa kwa kosa la betri ndogo.

Septemba 2025 Toyota ilibadilisha tena sura ya Aqua, ikaipa pua inayofanana na Prius ya sasa na hatimaye breki ya kuegeshea ya umeme. Hizo zitafika yadi zetu kwa wakati wake, na zitashusha bei ya hizi za 2021.

Kwa anayenunua sasa hivi, toleo la Z halina haja. Chukua toleo la X au G lenye matairi ya inchi 15, ambayo mbavu zake nene hustahimili mashimo na hupatikana kila duka, halafu fedha inayobaki nunua tairi la akiba na jeki.